Kiti Kilichotazama Ukuta

Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulifuta jina lake. Skrini ndogo ya ratiba, iliyobandikwa kando ya mlango wa chumba cha sumaku, iliendelea kumwandikia Taghrid Harmush zamu yake ya kila Jumanne asubuhi, utadhani angetokea wakati wowote na vichupa vyake mfukoni. Vyuo vinne vilikuwa vikiigombania mashine ile ya kupima sampuli kwa sumaku. Watu wazima wenye shahada zao walikuwa wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya nusu saa. Lakini Jumanne asubuhi mashine ilibaki bure, na wanafunzi waliolazimika kupita kwenye korido ile ya chini ya ardhi walipita wakibana ukuta wa upande wa pili, tena kwa haraka.

Inspekta Hanadi Zaylaa wa polisi wa upelelezi, mjini Trablusi, alilisoma jina lile kimoyomoyo, kisha akageuka kumtazama mwanamke aliyeketi kwenye benchi.

Umm Taghrid alikuwa amekuja tena. Tangu amzike binti yake wa pekee, kila Jumanne alishuka ngazi zile, akaketi mbele ya mlango uliofungwa, mkoba mapajani, mpaka zamu ya mwanawe iishe. Kisha hurudi nyumbani. Hakuna mlinzi aliyethubutu kumuuliza anafanya nini pale.

"Umepata hata kahawa, mama?" Hanadi aliuliza huku akiketi kando yake.

"Kahawa ya humu ina ladha ya dawa." Yule mama alinyoosha ncha ya mtandio wake mweusi. "Nasikia kesho wanalifunga faili."

"Nani kakwambia?"

"Wanaonipa pole huku wananiangalia viatu. Mtu akikupa pole ya kweli anakuangalia usoni." Akamgeukia Hanadi. "Wataandika kwamba alijiua, sivyo?"

Hanadi hakutaka kumdanganya. "Mwendesha mashtaka ndivyo anavyoona."

"Sikiliza, binti yangu. Mimi sitaki mtu afungwe. Sitaki fidia, sitaki jina lake kwenye ukuta wa chuo. Nataka kujua kitu kimoja tu: aliniacha kwa kupenda? Asubuhi ile alinibusu, akaniambia jioni tupike mlukhia. Mtu anayekwenda kujiua anaagiza mlukhia?"

"Nipe asubuhi hii, Umm Taghrid. Jibu nitakalolipata nitakuletea hapa hapa, liwe tamu liwe chungu."

Akaamka, akausukuma mlango.

Ndani palikuwa na baridi. Sumaku yenyewe ilisimama katikati ya chumba, pipa kubwa jeupe refu kuliko mtu, na kandoni mwake mtungi wa naitrojeni ya kimiminika ulikuwa unapumua. Wenyewe ndivyo walivyosema, kupumua: mvuke ulitoka kidogo kidogo kwenye vali, ukaguna, ukakatika, ukaguna tena. Ukisimama pale peke yako ungeapa kuna mtu amelala nyuma ya mashine. Hanadi alikuwa ameingia vyumba vingi vya maiti katika kazi yake na wala hakuwa mwoga, lakini chumba hiki hakukipenda tangu siku ya kwanza.

Walikuwepo wawili wanamsubiri, wameketi kwenye stuli. Mmoja ni Sajini Tannus, msaidizi wake, mtu wa milimani mwenye tumbo na mdomo. Wa pili ni Dakta Munif, mkuu wa Kituo cha Vifaa vya Pamoja, suti safi, ndevu zimechongwa, uso wa mtu aliyekatizwa kikao.

"Dakta, nieleze tena," Hanadi alisema. "Taratibu, kama unamweleza bibi yako."

Dakta Munif akavuta pumzi. "Naitrojeni haina sumu. Lakini ikijaa chumbani inaifukuza oksijeni. Haina harufu, haina rangi, haikabi koo. Mtu hajui linalomtokea, anasinzia tu, ndiyo basi. Kwa hiyo tuna feni ile pale juu, inavuta hewa mchana na usiku. Na tuna king'ora kile, oksijeni ikipungua kinapiga kelele."

"Na umeme ukikatika?"

"Hapa ndipo wanapokosea watu." Akanyoosha kidole kwenye soketi nyekundu, chini ya ukuta, nyuma ya meza. "Feni na king'ora viko kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni imechomekwa kwenye soketi nyekundu. Nyekundu ni laini ya betri za akiba. Umeme ukatike, jenereta ichelewe, feni haijui. Haijasimama hata dakika moja tangu nilipokipokea kituo hiki. Polisi wenu walipofika siku ile waliikuta inazunguka. Sasa niambie wewe: feni inazunguka, hewa itaishaje? Ataimaliza mtu aliyefungua vali kwa mkono wake."

"Na akafunga mlango," Tannus aliongeza, "akakaa kitini, mikono mapajani. Wala hakupapatika. Daktari wa maiti kasema hana hata mchubuko."

"Na akakipa kisogo kioo cha kompyuta," Dakta Munif alisema kwa sauti ya chini. "Kiti kilikutwa kimeelekea ukuta. Inspekta, mimi ni mzazi. Inaniuma. Lakini mtu anayefanya kazi haangalii ukuta."

Hanadi akakitazama kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida cha ofisini, chenye vigurudumu, na Tannus alikuwa amekirudisha pale pale kilipokutwa, pua yake imeelekea ukuta mtupu. Picha za siku ile alikuwa amezikariri: msichana wa miaka ishirini na saba, kichwa kimeinama, kama aliyeadhibiwa darasani. Ni picha ile iliyomfanya aombe faili lisifungwe, ingawa mpaka asubuhi hii alikuwa hajui cha kulijaza.

"Nani mwingine alikuwa huku chini?"

"Yule mhudumu wa mashine, Jinan, alikuwa chumba cha sampuli mwisho wa korido. Ndiye niliyemsimamisha kazi. King'ora kililia na yeye akaendelea kunywa kahawa yake! Kakiri mwenyewe. Na Profesa Basil ndiye aliyemkuta marehemu, umeme uliporudi, akashuka kutoka ofisini kwake."

"Mwite Jinan," Hanadi alimwambia Tannus. "Yuko juu na walinzi, wamemkatalia kuingia."

Jinan Buluz aliingia akiwa amejikumbatia, msichana mwembamba mwenye macho yaliyochoka kulia. Alisimama mlangoni, hakutaka kuvuka kizingiti.

"Ingia, dada, hakuna anayekula watu humu," Tannus alisema.

"Wewe hujui," Jinan alijibu.

Hanadi alilisikia jibu lile na akaliweka akiba, akavuta stuli akaketi. "Keti, Jinan. Hapo kwenye kijikasha, si lazima kwenye kiti kile. Mara ya mwisho kuingia humu ilikuwa lini?"

"Siku ile ile. Dakta alininyang'anya kadi ya mlango jioni yake, sijarudi tena mpaka leo."

"King'ora kilipolia, kwa nini hukuja?"

"Kwa sababu umeme ulikuwa umekatika."

"Sielewi."

Jinan alimtazama kama anayeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Umeme ukikatika, king'ora kinalia. Kila siku. Mara ngapi kwa siku! Unakatika, kinalia, jenereta ya fundi Abu Shawqi inawaka, kinanyamaza. Hata Taghrid mwenyewe alikuwa anacheka, anasema hiyo ndiyo adhana ya Shirika la Umeme. Hakuna mtu huku chini anayekishtukia."

"Uongo!" Dakta Munif alidakia. "Kiko kwenye betri! Kitaliaje umeme ukikatika wakati chenyewe hakijui kama umekatika? Unaona, Inspekta? Anajitetea."

"Dakta, wewe unashuka huku chini mara ngapi?" Jinan aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na makali. "Mara ya mwisho ulishuka na balozi, mkakata utepe."

"Wewe msichana—"

"Basi!" Hanadi aliinua mkono. "Jinan, endelea. Siku ile umeme ulikatika. King'ora kikalia. Halafu?"

"Halafu jenereta haikuwaka. Kumbe Abu Shawqi alikuwa anabadilisha oili. Giza likakaa sana. King'ora kikalia, kikalia, mpaka nikaziba masikio. Halafu kikanyamaza."

"Taa zikawaka."

"Hapana. Bado ilikuwa giza. Nilifikiri kimeisha betri yake ya ndani. Taa zilikuja baadaye."

"Na kabla hakijanyamaza? Ulisikia kitu kingine?"

Jinan akainamisha kichwa. Mtungi ukaguna, ukakatika. Tannus, ambaye mzaha haukauki mdomoni mwake, alisogeza stuli yake mbali nao kidogo bila kujua.

"Nikisema mtaniona nimechanganyikiwa."

"Sema hivyo hivyo."

"Nilisikia vigurudumu. Vya kiti. Kri, kri, kri, kama mtu anajisukuma polepole. Nikasema, aa, Taghrid anatafuta simu yake. Lakini daktari wa maiti kasema mpaka wakati huo alikuwa hana fahamu, kama si amekwisha kufa. Sasa nani alikuwa anakisukuma kile kiti? Niliwaambia wenzangu wawili tu, chuo kizima kikajua. Ndiyo maana hawapiti huku. Wanasema bado anajisukuma."

Hanadi akafungua mdomo amuulize, na papo hapo umeme ukakatika.

Giza la chini ya ardhi halina huruma. Hakuna dirisha, hakuna ufa. Hanadi alinyamaza katikati ya neno, mkono wake ukabaki hewani, na wote wakanyamaza naye. Hakuna aliyeguna. Hakuna aliyenyanyuka. Walikaa kila mtu pale giza lilipomkuta, wakingoja, kama walivyongoja maisha yao yote majumbani, kwenye lifti, kwa kinyozi na nusu ya kichwa imenyolewa. Feni ilikuwa inavuma juu yao. Mtungi ulikuwa unapumua. Zaidi ya hapo palikuwa kimya.

Kisha, mbali, jenereta ikakohoa, taa zikapepesa zikawaka, na Dakta Munif akasema kana kwamba hapakutokea kitu: "Haya ni mambo ya mapepo, Inspekta, tafadhali!"

"Nyamaza kidogo, Dakta." Hanadi alikuwa anamtazama Jinan. Msichana alikuwa ameinua uso kwenye king'ora, midomo wazi, rangi imempotea.

"Hakikulia," Jinan alinong'ona. "Wallahi, kila siku kinalia. Kwa nini hakikulia?"

"Si nilikwambia!" Dakta Munif alisema.

"Ulisema kweli," Hanadi alimjibu. "Na yeye kasema kweli. Nyote wawili." Alisimama. "Niwaulize kitu. Umeme ulipokatika sasa hivi, kwa nini hakuna aliyesimama?"

Tannus akautazama mlango.

"Nisimame niende wapi, afande?" Tannus alisema. "Umeme tu huo."

"Haya. Mlango uko hatua chache kutoka ulipo. Tumo kwenye chumba alimofia mtu, tunazungumzia hewa iliyomuua. Giza limeingia, na sote wanne, mimi nikiwemo, tumekaa kama mizigo. Sasa mwendesha mashtaka anasema Taghrid alitaka kufa kwa sababu hakusimama. Mikono mapajani! Mikono yako ilikuwa wapi, Dakta?"

Dakta Munif alitazama mapaja yake. Mikono yake ilikuwa bado pale.

"Umeme ulikatika, king'ora kikalia kama kila siku, akacheka pengine, akasubiri," Hanadi alisema. "Feni ilikuwa imesimama, lakini nani anasikiliza feni wakati king'ora kinapiga kelele? Na mtungi ulijazwa asubuhi ile, sivyo, Jinan?"

"Ndiyo. Ukijazwa upya unatoa mvuke mwingi sana, saa nzima na zaidi."

"Lakini feni haikusimama!" Dakta Munif alisema, ingawa sauti ilikuwa imempungua nguvu. "Iko kwenye nyekundu."

"Leo iko kwenye nyekundu. Tannus, keti kwenye kile kiti."

"Mimi?"

"Wewe. Kigeuze kwanza kielekee kompyuta, alivyokuwa anafanya kazi. Sogea mezani. Haya. Jinan, ekstensheni ya feni ichomoe kwenye nyekundu, uirudishe ilipokuwa siku zote ulizokuwa unakisikia kinalia. Unapajua?"

"Pale, soketi nyeupe, karibu na mlango." Jinan hakusita hata kidogo. Alikwenda akaichomeka, feni ikazunguka tena. Hanadi akazima swichi ya ile soketi nyeupe, na king'ora, kwa betri yake ya ndani, kikapasua masikio yao, kelele moja nyembamba isiyopumua, na feni ikalegea ikasimama. Umm Taghrid alisikika nje akisema kitu. Hanadi akaiwasha tena haraka.

"Sasa chukua ekstensheni hiyo uipeleke kwenye nyekundu. Usimguse Sajini."

Jinan alikwenda nyuma ya meza, akainama, akanyoosha mkono. Kiti na tumbo la Tannus vilikuwa vimeziba njia. "Haifiki. Sajini, sogea."

"Sisogei," Tannus alisema, akijaribu kucheka. "Mimi marehemu."

Hanadi akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akasukuma. Kri, kri, kri. Kiti kikazunguka kwa uzito wake chenyewe, kikapisha njia, kikatulia pembeni. Tannus alijikuta uso kwa uso na ukuta mtupu.

Jinan alikuwa ameziba mdomo kwa viganja. "Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo sauti yenyewe."

Tannus aliondoka kwenye kiti kile kama kimemuunguza, na siku ile hakutania tena.

"Hakuna pepo," Hanadi alisema, na hasira ilikuwa imeanza kumpanda taratibu. "Kuna mtu aliyeingia gizani, akamsogeza akiwa kitini, akachomeka feni kwenye betri, na king'ora kikanyamaza kwa kuwa kimepata umeme na hewa imeanza kurudi. Ndipo taa zikaja. Dakta, betri zako zina uwezo gani? Zinabeba vitu vingapi huku chini?"

Dakta Munif alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu. "Vichache. Feni tu, na kompyuta ya sumaku. Ukiongeza kitu kizito zinakata zote."

"Kwa hiyo aliyetaka kuweka kitu kizito alilazimika kuitoa feni kwanza."

Alipiga magoti chini ya meza. Karibu na soketi nyekundu, ukuta ulikuwa umetobolewa, tundu la kupita waya nene, na kingo zake zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa. Hakuna waya uliopita humo. Hanadi akaweka jicho. Upande wa pili aliona mguu wa chuma, na mwanga mwekundu hafifu wa kitu kinachounguza.

"Huko ni wapi?"

"Chumba cha tanuri," Jinan alisema. "La Profesa Basil."

"Wengine hawalitumii?"

Jinan alitabasamu kwa uchungu. "Ni la wote. Kwa maandishi."

Ndivyo vilivyo vya pamoja mahali pengi, na kituo kile hakikuwa na tofauti. Kila mashine ilikuwa na mwenyewe aliyeiita yangu, na aliyeililia, na aliyeitolea macho ikiguswa. Hewa ya mle ndani tu ndiyo haikuwa na mwenyewe.

Kati ya vyumba viwili palikuwa na mlango mdogo wa ndani. Haukuwa umefungwa. Hanadi alipita, Tannus nyuma yake.

Profesa Basil Shidrawi alikuwa ameinama mezani na kioo cha kukuzia jichoni, mtu mrefu mwenye mvi na koti la maabara lililopigwa pasi. Mbele yake, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na vipande vya fuwele vya rangi ya buluu. Vyote vilikuwa vimepasuka.

"Kazi nzuri, Profesa," Hanadi alisema.

"Ilikuwa nzuri." Hakuinua macho. "Fuwele hii lazima ipoe polepole, wiki nzima, bila kutikiswa. Umeme ukikatika nusu dakika tu inapasuka. Nchi hii haifai kwa sayansi."

"Zinapasuka tangu lini?"

"Zinapasuka tu."

"Kule juu kwenye ukumbi nimeona picha yako na tuzo, umeshika moja nzima, kubwa kama kidole gumba. Ya msimu uliopita. Msimu uliopita umeme ulikuwa haukatiki?"

Mkono wa Profesa ukatulia.

"Ulikuwa unakatika," Hanadi alijibu mwenyewe. "Hapo ulikuwa unapata wapi umeme usiokatika, na kwa nini uliuacha? Waya wa tanuri lako una urefu wa kufika kwenye tundu lile. Nimeutazama wakati unaniambia habari za sayansi."

"Inspekta, hiki ni kituo cha pamoja." Akaweka kioo chini kwa uangalifu. "Kila mtu anachomoa, kila mtu anachomeka."

"Siku ile ulisema ulishuka kutoka ofisini baada ya taa kuwaka. King'ora kilinyamaza kabla ya taa. Aliyekinyamazisha alipita mlango huu mdogo, kwa sababu koridoni Jinan hakusikia mtu akipita. Naweza kuwatafuta wanafunzi wako mmoja mmoja waniambie nani alitoboa ukuta. Au uniambie wewe."

Tanuri lilikuwa linatatarika polepole likipoa.

"Ningeirudisha feni," Profesa alisema mwishowe. "Ilikuwa imebaki siku mbili fuwele itoke. Nilisema nikimaliza hii tu. Ndivyo nilivyosema na ile ya kabla yake pia." Alijipangusa kijasho kilichomtoka chini ya pua. "Nilikuwa hapa. Sikiliza, mimi pia nimezoea kelele ile. Lakini ililia mno. Nikakumbuka mtungi. Nikaingia na tochi ya simu."

"Ukamkuta."

"Amekaa. Nilidhani amesinzia."

"Ukafanya nini?"

"Hewa! Nilitaka hewa irudi chumbani. Nikaichomeka feni kwenye betri. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo, Inspekta. Feni kwanza."

Tannus alimtazama Hanadi. Maneno yale yalikuwa na mantiki, na wakili mzuri angeyasimamisha mahakamani yakasimama.

"Profesa," Hanadi alisema. "Kiti kile kina vigurudumu. Mlango huu ulikuwa wazi nyuma yako, na humu mlikuwa na hewa, ulikuwa unaivuta mwenyewe. Mikono yako ilikuwa juu ya mgongo wa kiti. Ulimsukuma. Ungeweza kumsukuma ukamleta huku. Wewe ukamsukuma kwenye ukuta, ufikie plagi, feni ikutwe inazunguka."

Profesa Basil aliutazama ule mlango mdogo.

"Alikuwa anapumua?"

"Sijui."

"Ulikuwa karibu naye kama nilivyo karibu nawe."

"Sikumtazama," alisema, na hapo uso wake ukavunjika wote kwa pamoja. "Sikuwasha tochi upande ule. Sikumtazama."

Hanadi alimwachia Tannus kazi ya kumwambia Profesa avue koti na kumsomea haki zake, akatoka koridoni, akampigia mwendesha mashtaka. Maelezo hayakuwa marefu. Sauti ya upande wa pili ikasema faili halitafungwa, na kwamba lile neno la kujiua litaondolewa.

Umm Taghrid alikuwa bado kwenye benchi. Alikuwa amesimama king'ora kilipolia, akaketi tena, na sasa alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

Hanadi alichuchumaa mbele yake ili wawe uso kwa uso.

"Hakukuacha, Umm Taghrid. Hakuwa na nia yoyote ya kufa. Feni ilikuwa imechomolewa na mtu mwingine, yeye hakujua. Umeme ulikatika. Hakuumia, hakuogopa. Alikuwa ameketi tu, anangoja taa zirudi."

Alitarajia kilio. Alikuwa amejiandaa hata kumshika asianguke. Yule mama alimtazama tu usoni, akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayehesabu kitu.

"Anangoja taa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hakusimama."

"Hakusimama. Hakuna ambaye angesimama."

"Alikuwa na miaka minne," Umm Taghrid alisema. "Siku za mapigano, mtaa wetu ulikuwa gizani kila wakati. Siku moja alikimbia gizani kunitafuta, akaanguka ngazi, akapasuka hapa, kwenye nyusi. Nikamshika mabega nikamwambia, taa zikizimika, Taghrid, usinyanyuke. Kaa hapo hapo ulipo, weka mikono mapajani, unisubiri. Mimi nitakuja." Aliufungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Nilimfundisha kwa mwezi mzima. Nazima taa makusudi, nakwenda chumba cha pili, nasikiliza. Hata kiti hakikulia."

Hanadi aliketi kando yake kwenye benchi.

"Alikuwa mtoto msikivu sana," yule mama alisema.